Sampuli ya Nne

Hospitalini walimwita Mbu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoa watu damu, na alikuwa na mkono mwepesi kiasi kwamba mgonjwa aliweza kuendelea kusimulia habari zake akashtukia mrija umeshajaa. Yeye mwenyewe hakuchukia. "Afadhali mimi Mbu," alikuwa akisema, "kuliko yule wa chumba cha mkojo, maana jina lake hata halitamkiki mbele ya wakubwa." Maabara nzima ilikuwa ikicheka, na yule wa chumba cha mkojo akicheka kuliko wote.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, mwenye sauti ya chini na kucha zilizopakwa rangi nzito mwaka mzima. Alichoka upesi. Akipanda ngazi za kwenda ghorofa ya pili alisimama katikati akijifanya anasoma tangazo la kunawa mikono, tangazo ambalo angeweza kulisoma amefumba macho. Alipokuwa na mimba ya binti yake walimpa vidonge vya madini ya chuma, akavimeza bila kuruka hata siku moja, na damu yake haikupanda hata kidogo. "Ndivyo nilivyoumbwa," alisema, akaacha kujipima. Watu wa maabara ndivyo walivyo. Wanapima mji mzima, wao wenyewe wanajisahau. Kazi ikipoa mchana alikwangua barafu iliyoganda ndani ya friji kwa kijiko akaitafuna, kru, kru, kru, mpaka wenzake wakamwambia siku moja atameza na meno.

Mwezi ule mvua zilipoanza, aliletwa mwanamke mmoja wa makamo aliyeanguka njiani. Mashine ilipohesabu damu yake, yule kijana wa zamu alidhani imeharibika, akarudia kupima. Ilikuwa nne na nusu, wakati ya mwanamke mwenye afya huanzia kumi na mbili. Mtu wa namna hiyo huwa hatembei, achilia mbali kwenda dukani kununua sabuni, kama alivyosema alikuwa anakwenda. Waliomba damu ya kumwongezea, akapewa chupa mbili, akafumbua macho na kuuliza sabuni yake iko wapi.

Daktari wa damu, mzee mfupi aliyezungumza kama mtu anayekunong'oneza siri ya jirani, alimwita Mbu kwenye hadubini.

"Njoo utazame hiki."

Mbu akainama. Seli nyekundu za mwanamke yule zilikuwa ndogondogo, zimepauka, tupu katikati kama pete.

"Njaa ya chuma," Mbu alisema.

"Njaa ya chuma, ndiyo. Lakini ameniambia amekula vidonge vya chuma miaka ishirini. Hatokwi na damu popote, hana minyoo, tumbo lake halina kasoro. Sasa niambie, chuma chote kile kinakwenda wapi?"

Swali lile lilimpita Mbu mwilini kama upepo wa baridi unaopita chini ya mlango.

"Anao wadogo zake wawili nyumbani," daktari aliendelea. "Anasema nao wako vivyo hivyo, na hawatoki nje. Mimi nahisi hili ni jambo la kwenye jeni. Kuna watu wa maabara kubwa ng'ambo wanaoweza kuzisoma. Nenda kawatoe damu hukohuko kwao. Halafu nitafutie na mtu mmoja wa nje ya ukoo wao, wa kulinganishia."

Juma lililofuata, yule mwanamke alipokwisha kuruhusiwa, Mbu alikwenda. Ilikuwa asubuhi ya saa nne, jua la kutosha, watu wako katika shughuli zao. Nyumba ilikuwa mwisho wa kichochoro, ya udongo, imepakwa chokaa, paa la bati lililoshika kutu. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo bombani alimtazama na sanduku lake.

"Unakwenda kule?"

"Ndiyo, mama."

"Usikae sana. Nyumba ile inawanywa watu damu."

"Basi tumekutana wawili wa kazi moja," Mbu alisema. Yule mama hakucheka.

Alipiga hodi. Yule mgonjwa ndiye aliyefungua. Wadogo zake walimwita Dada Mkubwa, na tangu siku ile Mbu naye akamwita hivyo. Alimtazama Mbu usoni kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kisha akasogea kando. Kilichompokea Mbu ndani kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya matone ya kwanza ya mvua juu ya ardhi kavu, nzito, tamu, na nje mvua haikuwa imenyesha tangu juzi. Mate yakamjaa kinywani ghafla, ikabidi ayameze mara mbili ndipo aweze kusema habari za hapa.

Wadogo wawili walikuwa chumba cha ndani, kila mmoja amekaa kwenye kitanda chake, migongo karibu na ukuta. Wa kati alikuwa mnene wa uvimbe, mdogo alikuwa mwembamba. Rangi zao zilikuwa za majivu, na walipogeuza mikono ili atafute mshipa, viganja vyao vilikuwa vyeupe kama karatasi. Kucha zao zilikuwa zimebonyea katikati kama vijiko. Tone la maji lingeweza kukaa pale lisimwagike.

Ndipo alipouona ukuta. Pembeni ya kila kitanda, kwa usawa wa uso wa mtu aliyekaa, chokaa ilikuwa haipo na udongo umechimbika, umekuwa laini na kuingia ndani kama tumbo la bakuli. Mashimo mengine yalikuwa chini zaidi, madogo, mahali ambapo hapakuwa na kitanda.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Ni ukuta," alisema yule mdogo, kwa upole, kama anayemjibu mgeni asiyejua lugha.

Mbu akafanya kazi yake. Damu yao ilipanda kwenye mrija nyepesi, yenye wekundu wa juisi iliyoongezwa maji. Ilipofika zamu ya Dada Mkubwa, yeye alimshika Mbu mkono kabla Mbu hajamshika wa kwake. Glavu alikuwa ameivua ili apapase mshipa vizuri. Dada Mkubwa akapitisha kidole gumba juu ya ukucha wa Mbu uliopakwa rangi, polepole, akishuka bondeni na kupanda.

"Zako nazo zimebonyea."

"Zinavunjikavunjika tu, dada. Ni dawa za kazini."

Dada Mkubwa akamwachia mkono. Akanyoosha mkono wake akageuza uso.

Mbu akakaa kwenye kiti akawapa kisogo ili aandike majina kwenye mirija. Nyuma yake ikaanza sauti. Krrr. Kimya. Krrr. Aligeuka. Wale wawili walikuwa wanakwangua ukuta kwa kucha za vidole vya shahada, bila kuutazama, wakipeleka kinywani kile kilichotoka, kama watu wanaokula karanga huku wakisikiliza redio. Walikwangua pamoja na kutafuna pamoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Majirani walisema nyumba ile inakula watu. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba watu ndio walikuwa wanaila nyumba.

Mbu alingoja kinyaa kimpande. Hakikupanda. Alichokisikia kifuani, na hili hakumwambia mtu kwa muda mrefu, kilikuwa wivu.

Alipoinuka aliegemea ukuta kidogo, kwa kizunguzungu au kwa makusudi, hata yeye hakuwa na hakika. Kipande kikabaki kiganjani. Aliaga vizuri, akapita bombani, akampungia mkono yule mama wa kufua, na alipokata kona akakitia kinywani. Kiliyeyuka juu ya ulimi. Mtu anayeonja kitu kipya hukunja uso kwanza, yeye hakukunja. Kinywa chake kilikuwa kinakijua. Akasimama pale pembeni ya ukuta wa nyumba ya watu, sanduku la damu mkononi, machozi yakimtoka, asijue anamlilia nani.

Hospitalini hakupata mtu wa kulinganishia. Yule kijana wa zamu alisema sindano anaiogopa, wengine wakapata shughuli za ghafla. "Nyie watu!" Mbu alisema. Akafunga kamba mkononi mwake kwa meno akajitoa damu mwenyewe, na wenzake wakashangilia kwamba leo Mbu amejing'ata. Akaandika namba: moja, mbili na tatu za wale ndugu, nne yake. Sanduku likasafiri.

Waliambiwa wangoje wiki sita. Katika wiki ya pili Mbu alijikuta kwenye kichochoro kile. Alijiambia anawapelekea vidonge. Katika wiki ya tatu hakujiambia kitu. Alikaa kwenye kiti chumba cha ndani, wakimpa maji, wakizungumza machache. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa: bei ya sabuni, bati linalovuja, paka wa jirani. Kilichomtisha ni jinsi alivyotulia mle ndani. Akiwa kwake alikuwa mtu wa kuhangaika, wa kusahau birika jikoni. Mle ndani moyo wake uliokuwa ukimdunda siku zote kwa kukosa damu ulishuka ukatulia, kama mtu aliyetua mzigo.

Siku moja alihesabu mashimo.

"Yapo sita," alisema.

"Tulikuwa sita," Dada Mkubwa alijibu. "Wote wa kike. Mama alikuwa akipaka chokaa kila mwezi, sisi tunaitoa. Alitupiga, akatufunga mikono na vitambaa. Wawili walikufa wadogo, homa ndogo tu iliwachukua, hawakuwa na damu ya kupigana nayo."

"Na wa sita?"

Dada Mkubwa alikuwa akipanga nyuzi za shuka lililochanika. "Wa sita alitoka kwa mlango ule pale. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alitoka naye asubuhi mgongoni, akarudi mchana mgongo mtupu. Hakuna aliyemuuliza. Uso wake haukuulizika."

Mbu akapiga magoti kwenye shimo la chini kabisa, karibu na mlango. Lilikuwa dogo, halikuzidi kikombe cha kahawa, na ndani yake kulikuwa na mikwaruzo myembamba, ya vidole vya mtoto wa miaka mitatu. Akanyoosha kidole.

"Usiguse hapo," alisema wa kati, ambaye kwa kawaida hakusema. "Hapo pana mwenyewe."

Wiki ya saba daktari alimwita ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Karatasi zilikuwa mezani.

"Nilikwambia unitafutie mtu wa nje ya ukoo."

"Ndiyo, daktari."

"Sampuli ya nne ni ya nani?"

Mbu aliangalia karatasi, akaangalia dirisha. Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia.

"Wenzetu wameandika," daktari alisema, sauti imeshuka zaidi ya kawaida yake. "Wanashukuru. Wanasema wamelipata kosa, limekaa waziwazi. Halafu wanauliza kwa nini tumewaletea ndugu wanne wa baba mmoja na mama mmoja, na hatukuwaletea mtu wa kulinganisha."

Akamweleza, na alieleza vizuri, kama anayezungumza na mgonjwa, na hapo ndipo Mbu alipofahamu kwamba mgonjwa ni yeye. Chuma tunachokula, alisema, kinaingia mwilini kwa mlango ulio kwenye utumbo. Mwenye ufunguo ni ini. Ini likiona chuma kimejaa, linatuma kijumbe kwenye damu, wanakiita hepsidini, kinakwenda kuufunga mlango ule. Chuma kikipungua, iko jeni ambayo kazi yake ni kuliambia ini linyamaze, liache kutuma, mlango ufunguke. Kila mtu amezaliwa nayo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama, na mojawapo ikiwa nzima inatosha. Baba na mama wa nyumba ile walikuwa watoto wa ndugu wawili. Kila mmoja alibeba moja iliyovunjika bila kujua, na afya zao zilikuwa njema. Watoto sita wakachukua zilizovunjika kutoka pande zote mbili.

"Kwa hiyo ini haliambiwi," daktari alisema. "Mwili unalia njaa, nalo linafunga mlango. Unameza vidonge vinafika mlangoni vinapita zake. Na ubongo, sijui niseme nini juu ya ubongo, unahisi kuna kitu kimepungua, haujui ni nini, unamtuma mtu ale udongo, ale chaki..."

"Barafu," Mbu alisema.

"Barafu. Nipe kidole."

Ilikuwa nane kasoro. Daktari aliitazama mashine kwa muda.

"Umekuwa ukipanda ngazi hizi na damu hii?"

"Nilikuwa nasimama kusoma tangazo."

Nyumbani mama yake alikuwa sebuleni akikunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyehamia kwa Mbu miaka kumi na miwili iliyopita kuja kumsaidia kulea mjukuu. Mbu hakuzunguka.

"Mama, mimi nimezaliwa na nani?"

Mama alilikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nani amekwambia?"

"Damu yangu."

Halafu mama akakaa juu ya nguo alizokwisha kuzikunja, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Nilikuwa zahanati ndogo, upande wa kule kwenye bomba," alisema. "Mama yako mzazi alikuja na wewe mgongoni. Alikuwa ameshazika wawili. Alinijua, nilimsaidia na hao wawili. Akaniambia, kuta za nyumba yangu zinawamaliza watoto wangu, huyu mmoja mtoe nje, na usije ukamwambia ametoka wapi, asije akarudi. Mimi nilikuwa sijajaaliwa mtoto. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kusema. Mwezi uliofuata nikaomba uhamisho, nikakuandikisha kwa jina langu."

"Ndiyo maana hupiti njia ya kule hata ukienda sokoni."

"Ulipopangiwa kazi hapa nilisali siku tatu ubadilishiwe. Nikasema, mji ni mkubwa, hatawaona." Akafuta macho kwa soksi ya mjukuu wake. "Wameniibia mwanangu sasa?"

"Hakuna aliyekuibia, mama. Kesho twende wote."

Mama hakutaka, kisha akataka, kisha akasema goti linamuuma. Walikwenda. Dada Mkubwa aliwafungulia, na Mbu alikuwa ameandaa maneno njia nzima, akakuta hayahitajiki. Dada Mkubwa alimshika uso kwa viganja vyake viwili vyeupe.

"Nilikujua siku ile ya sindano," alisema. "Ulipoingia ulimeza mate. Wageni huwa wanaziba pua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Uache kazi yako uje ukae huku ule ukuta? Mama alikutoa. Sikutaka mimi ndiye nikurudishe."

Yule mdogo alikuja akamgusa Mbu bega kwa kidole kimoja, akarudi kitandani. Wa kati hakuinuka. Mama mlezi alibaki amesimama karibu na mlango, mkoba kifuani kama ngao, na hakuna aliyemkaribisha kiti. Dada Mkubwa alimgeukia mwishoni.

"Wewe ndiye uliyemchukua."

"Ni mimi."

"Miaka yote hii nimetaka kukuuliza kitu kimoja. Alilia?"

Mama alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, hata pale uongo ungekuwa huruma.

"Hakulia," alisema. "Nilishangaa, maana watoto hulia. Nilimbeba hadi kwangu, hakufungua kinywa. Nilipomkalisha ale nikakifungua kwa nguvu. Alikuwa amebeba kipande cha ukuta chini ya ulimi. Alikuwa anakinyonya kidogokidogo, kisimwishie."

Kwenye kitanda cha mwisho sauti ikaanza, krrr, kisha kimya, kisha krrr. Mara hii ilikuwa moja tu. Yule mdogo alikuwa ameweka mikono yake chini ya mapaja, ameikalia.

Daktari alisema mlango ukikataa kufunguka, chuma kitapitia dirishani: dripu, moja kwa moja kwenye mshipa. Hakitafanya maajabu, alionya, maana hata kikishaingia, lile ini litaking'ang'ania na kukitoa kwa ubahili, ila damu itapanda kiasi. Walianza watatu, Dada Mkubwa, yule mdogo na Mbu, kwenye viti vitatu vilivyopangwa dirishani, maji ya kahawia kama chai ya rangi yakidondoka. Yule mdogo alikuwa hajavuka bomba la mtaa tangu alipokuwa na miaka kumi na moja. Alifika hospitalini amejifunika kanga usoni kwa ukali wa jua, na kila kilichopita alikiuliza jina. Wiki mbili baadaye alimnong'oneza Mbu kwa mshangao, kama anayeungama, "Nasikia njaa ya chakula." Wakamnunulia maandazi manne, akala yote, akauliza kama yapo mengine.

Hamu ya ule udongo ilimtoka Mbu siku ya tano. Aliamka haipo. Alidhani angefurahi. Badala yake alizunguka nyumba nzima siku ile akifungua makabati, kama aliyeweka kitu mahali asikumbuke wapi, mpaka binti yake akamuuliza anatafuta nini. Binti mwenyewe walimpima pia. Alikuwa amebeba jeni moja iliyovunjika na moja nzima, damu yake kumi na tatu, na alikasirika kwamba wametoboa kidole chake cha kuandikia.

Mama mlezi alikwenda kule kichochoroni kila Jumamosi pamoja na Mbu. Mara ya kwanza Dada Mkubwa hakumjibu salamu. Mara ya pili alimjibu bila kumtazama. Mara ya tatu, au ya nne, alimsogezea kiti kwa mguu.

Wa kati ndiye aliyekataa. Walimbembeleza, daktari alikwenda kwa miguu yake mwenyewe akamweleza habari za mlango na dirisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, daktari," alisema. "Hawa wakienda hospitali wanarudi wamebadilika. Wanacheka kwa nguvu. Wananiambia nyumba inanuka. Nani atabaki na wale wawili?" Akaweka kiganja kwenye mashimo mawili madogo, ya wale waliokufa, ambayo, Mbu aliona sasa, yalikuwa yamekwanguliwa upya, unyevu haujakauka.

Waliacha kumsumbua. Damu yake ilishuka mpaka sita, ikasimama hapo. Alihamisha kitanda akakisogeza kule chini kulikokuwa na mashimo ya watoto. Yule mdogo naye alihamia chumba cha mbele, akisema hapati usingizi, kwa sababu hata dada yake anapokuwa amelala fofofo, mikono juu ya tumbo, bado sauti inasikika.

Mbu alimwambia ni panya. Hakumwambia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuisikia siku moja mchana, wa kati akiwa amekwenda uani kuoga na chumba hakina mtu.

Ilipita miezi tisa. Asubuhi moja ya Jumanne, siku ya foleni ndefu, Mbu alikuwa akiita majina mlangoni mwa chumba cha kutolea damu. Mwisho wa benchi alikuwapo mwanamke mnene wa uvimbe, kichwa kimeegemea ukuta wa hospitali, macho yamefumbwa. Hakuna aliyemwona akiingia. Mlinzi alisema baadaye kwamba hakumpitisha mtu wa namna ile. Viatu vyake vilikuwa na vumbi hadi vifundoni. Alikuwa ametembea njia nzima peke yake, na damu sita.

"Dada," Mbu alimwita.

Wa kati akafumbua macho. Ilimchukua muda kumtambua.

"Wale wawili wamenyamaza," alisema. "Tangu juzi. Nimekaa nimewangoja, wamenyamaza kabisa." Akamtazama Mbu kama mtoto aliyepotea sokoni. "Nikaona nije huku mliko."

Watu wa foleni waligeuka. Mbu aliketi kwenye benchi kando yake, akaukunjua mkono ule wa baridi juu ya paja lake, na kwa kuwa mshipa haukuonekana, akaanza kuutafuta kwa ncha ya kidole, bila haraka, mpaka akausikia.